Gauni Lililofunguka Mgongoni

Gauni lenyewe lilinifikia likiwa limeshapasuliwa. Mlezi wa wazee mmoja, mwanamke wa Bujumbura aliyekuwa akiniletea nguo zake nizipunguze, alilitoa kwenye mfuko wa plastiki akalitandaza juu ya meza yangu ya kukatia. Lilikuwa gauni la kitenge la mshono wa zamani, mikono imevimba mabegani, nakshi ya uzi wa dhahabu shingoni. Mtu alikuwa amelichana kwa mkasi kutoka kwenye ukosi mpaka kwenye pindo, mgongo mzima, na mkasi wenyewe ulikuwa butu.

"Nani kafanya hivi?" nikauliza.

"Mimi," akasema. "Kila asubuhi namvalisha, kila asubuhi analia. Mkono wake wa kushoto umekauka, dada, haunyanyuki. Ukiuvuta uingie kwenye nguo ni kama unauvunja. Alors, wakubwa wa kazini wakaniambia pasua nyuma, wote tunawapasulia nyuma. Nikapasua. Akaliangalia gauni lake, hakulia tena. Afadhali angelia."

Aliniomba nitafute namna. Hakuniomba zaidi ya hapo.

Karakana yangu wakati ule ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa, barabara ya Chaussée de Wavre, na cherehani mbili na dirisha linalotazama ukuta. Nilikuwa mbunifu wa mavazi mwenye cheti cha shule nzuri ya hapa Brussels, niliyeishi kwa kupinda suruali za watu. Mwaka huo nilikuwa nimejiunga na kikundi cha wabunifu waliokuwa wakijitolea kwa kazi za hisani. Mmoja alichora vitanda vya makao ya wasio na nyumba, mwingine alitengeneza mabango ya kuhimiza watu kutoa damu. Mwisho wa msimu kila mmoja angesimama mbele ya watu aonyeshe alichofanya, na ambaye angewapendeza waamuzi angepewa tuzo ya vitambaa na nafasi kwenye karakana kubwa yenye mwanga. Mimi sikuwa na la kuonyesha. Gauni lile liliponifikia niliona huruma, sitasema sikuona. Ila niliona na tuzo pia, na sikumbuki kipi kilitangulia.

Mwenye gauni, maman mmoja mzee, aliishi katika nyumba ya wazee huko Koekelberg, ghorofa ya tatu, chumba chenye dirisha linaloonyesha kuba la Basilika. Alikuwa mtu wa Bukavu kama mimi. Kwa miaka mingi aliuza vitenge soko la Kadutu, na kiharusi kilipompiga akiwa huku kwa mwanawe, kilichukua upande wa kushoto kikamwachia ulimi. Siku ya kwanza nilipoingia na mlezi alinikamata kiganja kwa mkono wake mzima, akapapasa upindo wa shati langu kwa vidole viwili.

"Hii iko polyester," akasema. "Mutoto wangu, unashona nguo, na unavaa polyester?"

Tulicheka wote watatu. Tangu siku ile aliniita mutoto wangu. Nilimpima akiwa kitini, nikampelekea vitambaa avichague. Alivikataa karibu vyote, kimoja kwa sababu rangi yake ingechuja kwa maji ya moto ya kufulia, kingine kwa sababu kilipiga kelele kikisuguliwa. Alijua kitambaa kuliko mwalimu yeyote aliyewahi kunifundisha.

Nilichokibuni kilikuwa rahisi. Mbele lilikuwa gauni kamili, zuri, lenye ukosi na mikono. Nyuma lilikuwa wazi kutoka juu mpaka chini, na mbawa mbili zilizokutana katikati na kushikwa na utepe wa kunata, ule wa velcro. Mlezi angeliingiza kwa mbele, mikono kwanza, bila kunyanyua kitu, halafu angefunga nyuma. Nilijua hospitali wana kitu cha namna hiyo. Langu lilikuwa na sura, basi.

Nilipomjaribisha mara ya kwanza, aliuliza, "Na huku nyuma?"

"Nyuma hapaonekani, maman. Umekaa."

"Mungu anaona nyuma."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Wewe ni mutoto wa kwetu," akasema. "Nguo ya kupasua mugongo, unajua ni nani tunavalishaka."

Nilijua. Mtu wa kwetu akifa, viungo vikishakaza, wanawake wanaomwosha humpasulia gauni lake bora mgongoni ili aingie. Nilikuwa nimeliona hilo kwa macho yangu kwa bibi yangu. Lakini nilimwambia kwamba haya ni mambo ya kisasa, kwamba huku wazee wote wanavaa hivyo, na kwamba angependeza. Nikatoa simu nikamwonyesha mchoro wangu. Akautazama mchoro kwa adabu, kama mtu anavyotazama picha za harusi ya asiowajua.

Kwa ajili ya maonyesho nilishona lingine, zuri zaidi. Kitambaa cha nje kilikuwa cha buluu nzito. Upande wa ndani wa zile mbawa niliweka hariri nyekundu. Hariri hiyo haikuwa na faida yoyote kwa mtu aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu. Niliiweka ili mbawa zikifunguka, watu waone mwako.

Alikubali kuja. Hakukubali kwa ajili yangu. Alikuwa hajatoka nje ya jengo lile kwa miezi, na mwanawe, mwanamume wa makamo aliyefanya kazi ya kusafisha maofisi, aliahidi kuwapo. Maman alitaka mwanawe amwone amevaa. Yule mlezi aliomba ruhusa kazini, tukampakia kwenye gari dogo la jumuiya mchana wa Jumamosi, tukaenda Anderlecht, kwenye ghala la zamani walilolipaka rangi nyeupe. Njiani alitazama nje muda wote akisoma majina ya maduka kwa sauti.

Nikiwa namvalisha nyuma ya pazia, nilimwambia mlezi asimvishe fulana ya ndani.

"Itajikunja, itaharibu umbo," nikasema.

Mlezi alinitazama. "Kuna baridi humu."

"Ni dakika tatu tu."

Sehemu inayofuata huwa naiacha ninaposimulia habari hii, na nimeisimulia mara kadhaa, hata kwa wanafunzi. Tulipokuwa tunangoja zamu yetu maman alinivuta sikio karibu na mdomo wake. Akasema, "Mutoto wangu, usinigeuze mbele ya batu." Alisema wazi, kwa Kiswahili chetu, hakuna neno nililolikosa. Nikajibu, "Ndiyo, maman." Wala sikuwa nadanganya wakati nikijibu. Nilikuwa nimeleta sanamu ya mbao ya kuvalisha nguo, isiyo na kichwa, imevaa gauni lingine kama lake, na ilikuwa imesimama pale pale jukwaani kwa ajili ya kuonyesha mgongo. Mpango ulikuwa huo.

Nilizungumza vizuri. Kifaransa kilinijia chenyewe siku hiyo. Nilitaja heshima mara nyingi, heshima ya mzee, heshima ya mwili. Maman alikaa kando yangu, uso mbele, kichwa juu, mkono mzima juu ya ule uliokauka, na kweli alipendeza, watu walinong'onezana kwa kumstaajabia. Halafu mwamuzi mmoja, mwanamke mwenye miwani minene, akauliza, "Na linafunguka vipi?"

Sanamu ilikuwa hatua mbili kushoto kwangu. Kiti cha maman kilikuwa mkononi mwangu.

Nilishika vishikio, nikamgeuza. Nikang'oa utepe, na sauti yake, ile sauti ya kuchanika, ikasikika ghala zima. Mbawa zikaanguka huku na huku na hariri nyekundu ikawaka kama nilivyotaka iwake. Katikati ya wekundu huo ulikuwa mgongo wa mwanamke wa miaka sabini na kitu, mtupu, wenye kibandiko cha dawa begani, alama za kukaa sana, na juu ya kiuno ukingo wa nepi ya watu wazima, mweupe, ukiwa umekunjamana.

Watu wakapiga makofi.

Niliendelea kueleza. Nilionyesha kwa kidole mahali utepe unaposhikana. Nakumbuka kidole changu kiligusa ngozi yake na ngozi ikasisimka, na mimi nikaendelea. Nilimtazama mwamuzi, nikatazama safu za watu, na safu ya pili nikamwona mwanawe. Alikuwa ameinamisha kichwa anatazama viatu vyake. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nakifanya. Ningeweza kumfunika. Lakini nilikuwa bado na sentensi moja, nikaimaliza kwanza.

Aliyemfunika ni mlezi. Alipanda jukwaani bila kuitwa, akavua koti lake, akamzungushia maman mabegani, akakiondoa kiti makofi yakiwa hayajaisha. Aliponipita alisema polepole, kwa Kiswahili, huku akitabasamu ili watu wasijue, "Dada, ng'ombe wa mnadani ndiye anageuzwa hivyo."

Nilishinda tuzo. Kulikuwa na mpiga picha, na picha iliyotumika kwenye ukurasa wa kikundi ilikuwa ile: mkono wangu, hariri, mgongo. Niliuliza kama ruhusa ya maman ilihitajika. Wakaniambia uso hauonekani, kwa hiyo hapana. Nikaridhika haraka sana. Walikwisha kumrudisha Koekelberg nilipokuwa bado napeana mikono na watu.

Sikuenda kumwona. Wiki ya kwanza nilijiambia ana uchovu. Wiki ya pili nilihamia kwenye karakana mpya, yenye madirisha mpaka darini, nikajiambia nina kazi. Watu walinitumia pongezi na mimi nikajibu kila mmoja, aksanti, aksanti sana, ni kwa ajili ya mama zetu. Niliandika hivyo kweli. Wiki ya tatu mlezi alikuja kuchukua sketi yake niliyokuwa nimeipunguza. Hakukaa.

"Maman anasemaje?" nikauliza.

"Hasemi kitu juu yako. Ndiyo ubaya wenyewe." Akaikunja sketi. "Hashuki tena kula na wenzake. Anasema amevaa, lakini anajisikia uchi. Bon. Kama utakuja, njoo mikono mitupu. Usije na kitambaa."

Nilishuka metro kituo cha Simonis siku iliyofuata, nikatembea, na nikazunguka jengo lile mara mbili kabla ya kubonyeza kengele. Maman alikuwa dirishani. Nilipiga magoti mbele yake. Nikasema niliyokuwa nimeyapanga njia nzima. Nikasema nilikosa, nikasema nilisahau. Hapo akanikatiza.

"Hukusahau, madame."

Lile neno madame lilinipata kuliko tusi. "Hapana, maman," nikasema. "Sikusahau."

Kisha akamwambia mlezi afungue kabati atoe gauni, si lile la buluu, lile la kwanza nililomshonea, la kila siku. Akanielekeza kwa kidevu.

"Vaa."

Nilidhani ni mzaha. Mlezi hakuonyesha kwamba ni mzaha. Bafuni nilivua shati na sidiria, kwa sababu maman alisema kama nilivyomvalisha yeye, na mlezi akaniingiza mikono, akafunga nyuma. Palikuwa na kiti cha magurudumu cha akiba kwenye ujia. Nikakikalia. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, tukashuka kwa lifti, maman mbele na mimi nyuma, mlezi akitusukuma kwa zamu, mpaka ukumbi wa kulia.

Sijui niliketi pale muda gani. Ilikuwa supu, halafu viazi na samaki. Nilipoinama kuchukua kijiko, mbawa ziliachana kidogo na hewa ikapita katikati ya mgongo wangu, na kila mtu aliyepita nyuma yangu nilimsikia. Mzee mmoja Mbelgiji alikuwa meza ya nyuma. Sikuthubutu kugeuka kuona kama ananitazama. Nilijiegemeza kwa nguvu kwenye kiti ili kitambaa kikae, na nikaacha kula, kwa sababu kula kulitaka kuinama. Halafu mhudumu mmoja kijana, msichana mpole, akipita na toroli la sahani, aliona nimefunguka. Alinyoosha mkono akanibandika utepe, pa, pa, akaenda zake. Alifanya kwa wema. Wala hakutazama uso wangu ajue mimi ni mgeni.

Machozi yalinidondoka ndani ya supu. Maman alikuwa upande wa pili wa meza, anakula samaki wake taratibu, ananitazama bila chuki wala huruma. Alipomaliza akafuta mdomo.

"Umesikia?"

"Nimesikia, maman."

"Basi kata ingine. Na sasa utaniuliza mbele ya kukata."

Tulifanya kazi hiyo wiki nyingi, mara moja kwa wiki, chumbani kwake. Sasa nilikuwa nauliza, na yeye na mlezi walikuwa wanajibu, na nikagundua majibu walikuwa nayo tangu mwanzo. Mlezi alieleza kwamba asubuhi, kabla ya kumkalisha, wanamgeuza kitandani ubavu mmoja halafu mwingine. Kwa hiyo hakuna haja ya kuacha nyuma wazi. Kipande kizima cha mgongo kinaweza kutandikwa chini yake wakati huo huo. Maman akachukua kitambaa akakizungusha juu ya goti, kama alivyokuwa akiwaonyesha wateja sokoni namna pagne ya kitenge inavyofungwa. "Fungula huku," akasema, akapitisha kidole kutoka shingoni, juu ya bega bovu, kushuka ubavuni. "Mukono haiingie. Mukono inalala, na nguo inakuya juu yake." Vifungo vya kubonyeza begani na ubavuni, upande wa mkono uliokauka. Mgongo kipande kimoja, bila mshono hata wa katikati.

Lilikuwa jepesi kushona kuliko langu. Nililala na aibu hiyo pia, aibu ya fundi, ambayo ni ndogo lakini ina meno yake.

Nilimshonea manne. Alianza kushuka tena kula. Walezi wa ghorofa nyingine wakaja kuuliza, nikawapa bure karatasi ya vipimo vya kukatia gauni hilo, na sasa najua nyumba nyingine mbili za wazee zinaitumia. Watu wakinisifu kwa hilo nawaambia ni kazi ya maman mmoja wa Bukavu, na wao hudhani ni unyenyekevu.

Kuhusu picha, niliomba iondolewe. Lakini nilingoja kwanza vitambaa vya tuzo vifike. Niliogopa kwamba nikianza kulalamika watanihesabu mtu mgumu, wataniondolea. Vilifika, marobota manane, nikayapanga rafuni, ndipo nikaandika barua. Waliiondoa siku hiyo hiyo, na kuniomba radhi kwa upole. Ingechukua siku moja tangu mwanzo. Ilikaa pale miezi minne, na sijui ni nani waliiona, na hakuna ninayeweza kumuuliza.

Maman hakunitukana kamwe, wala hakunisamehe kwa maneno. Alinipokea, alinikaripia juu ya mishono, alinigawia biskuti zake. Mpaka mwisho aliniita madame.

Alifariki majira ya kuchipua, usingizini. Mwanawe alinipigia simu. Tangu siku ile ya ghalani hatukuwa tumezungumza, na nilipoisikia sauti yake nilisimama, peke yangu katika karakana. Akaniambia siku ya matanga na mahali, ukumbi wa parokia Anderlecht. Akasema, "Ukipata nafasi." Nikasema pole, papa. Akasema aksanti.

Nilienda mapema, kabla watu hawajajaa, nikapita moja kwa moja jikoni, kwa kuwa jikoni mtu hahitaji kujieleza. Nilifunga pagne kiunoni nikasimama kwenye sinki. Wanawake wa kanisa lake walikuwa wanapika wali na pondu ya majani ya muhogo kwenye masufuria ya kuazima, wakiimba chinichini. Kando yangu alisimama mama mmoja mzee, mwenye mikono ya nguvu, akipangusa sahani ninazosuuza. Baada ya muda akaniuliza.

"Na wewe, ulimujua wapi marehemu?"

"Nilimshonea nguo," nikasema.

Kitambaa chake kikasimama juu ya sahani. Alinitazama usoni, kwa makini, kama anayelinganisha na kitu alichoambiwa.

"Aa," akasema. "Kumbe njo wewe ule fundi."

Sikujua alikuwa amesikia lipi, la magauni manne au la ghalani, na sikuwa na uso wa kuuliza. Akaipangusa ile sahani mpaka ikakauka, akaiweka juu ya zingine, akanyoosha mkono nimpe nyingine.